Pete Ngapi katika Kwinini? Dhana ya Atomu ya Pete katika Programu za Kemia na Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna programu za kompyuta zinazochakata miundo ya kemia zinavyobaini kama atomu fulani ni sehemu ya pete katika molekuli, na yanachunguza mchango wa maarifa hayo katika uundaji wa istilahi za Kiswahili. Molekuli ya kwinini inatumika kama mfano mkuu. Makala yanaonesha kwamba kauli "atomu imo katika pete" hubeba maswali matatu tofauti: kama atomu ni ya pete au si ya pete, ni ya pete ngapi, na ni ya pete yenye ukubwa gani. Swali la kwanza lina jibu moja lisilobadilika, ilhali majibu ya maswali mawili yaliyobaki hutegemea fasili ya pete iliyoteuliwa. Inahojiwa kwamba istilahi za Kiswahili zinapaswa kuyatenganisha maswali haya, kwamba kihusishi "ndani ya" kinapotosha dhana, na kwamba muundo wa kihusishi cha -a unganifu, yaani "atomu ya pete", unakidhi haja bora kuliko njia nyingine zilizopo.

1.0 Utangulizi

Kwinini ni miongoni mwa maneno ya kemia yaliyozoeleka mapema katika Kiswahili cha kila siku. Kwa vizazi kadhaa, wasemaji wa lugha hii wameifahamu kama dawa chungu ya malaria. Wanakemia wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa hiyo kutoka katika gome la mti wa sinkona mwaka 1820. Molekuli moja ya kwinini ina atomu 20 za kaboni, 24 za hidrojeni, 2 za nitrojeni na 2 za oksijeni. Baadhi ya atomu hizo zimeungana katika minyororo iliyojifunga, ambayo wanakemia huiita pete. Nyingine zimebaki nje ya minyororo hiyo.

Swali linaloonekana jepesi ni hili: molekuli ya kwinini ina pete ngapi? Mtu anayejua kemia anaweza kujibu kuwa ni nne. Mwingine, akitumia programu ileile ya kompyuta lakini kwa amri tofauti, anaweza kupata tano. Wa tatu, akihesabu kwa penseli kila njia inayojifunga, atafikia sita. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kinachotofautiana ni maana ambayo kila mmoja ameipa neno "pete".

Suala hili linawahusu wanaisimu kwa sababu mbili. Kwanza, programu za kemia haziwezi kuvumilia utata ambao lugha ya kawaida huuvumilia. Kila amri lazima ifungwe kwenye fasili moja, na hivyo programu hizo hufichua tofauti za dhana ambazo neno moja huzifunika. Pili, mjadala wa kufundisha sayansi kwa Kiswahili mara nyingi huishia kwenye upatikanaji wa maneno: kama neno lipo, kazi imekwisha. Mfano wa pete unaonesha kwamba neno linaweza kuwapo, likawa zuri na la asili, na bado istilahi ikawa haijaundwa. Mwanafunzi anayesoma kwamba atomu "imo ndani ya pete" anaweza kujenga picha isiyo sahihi, na mwandishi wa kamusi asiyetenganisha idadi na ukubwa atamwachia msomaji fasili isiyoweza kutumika.

2.0 Molekuli kama Mtungo wa Herufi

Kompyuta haioni mchoro wa molekuli kama mwanadamu anavyouona. Inahitaji orodha ya atomu na orodha ya bondi, yaani viunganishi vinavyozishikanisha atomu mbilimbili. Njia mojawapo ya kuziandika orodha hizo kwa ufupi ni mfumo wa SMILES, ambao David Weininger aliuchapisha mwaka 1988. Katika mfumo huu molekuli huandikwa kwa mstari mmoja wa herufi. Kaboni ni C, oksijeni ni O, nitrojeni ni N. Hidrojeni kwa kawaida haziandikwi kwa kuwa idadi yake hukisiwa kutokana na kanuni za kemia. Herufi zinazofuatana zina bondi kati yake. Mabano huonesha tawi, na alama ya usawa huonesha bondi maradufu. Herufi ndogo hutumika kwa atomu za pete zenye sifa ya kiaromati, kama zile za benzini.

Mstari ulionyooka hauwezi kujifunga wenyewe. Hivyo mfumo huu huazima tarakimu: atomu mbili zinazobeba tarakimu moja zina bondi kati yao, hata kama katika mstari zimetengana. Sikloheksani, ambayo ni pete ya kaboni sita, huandikwa C1CCCCC1. Tarakimu 1 ya mwanzo hufungua, na ya mwisho hufunga. Kwinini, ikiandikwa bila alama za mpangilio wa atomu katika nafasi, huwa hivi:

COc1ccc2nccc(c2c1)C(O)C3CC4CCN3CC4C=C

Msomaji wa sarufi ya Kiswahili atatambua hapa jambo analolifahamu. Katika tungo "kitabu ambacho mwalimu alikinunua mjini", kirejeshi -cho- hufungamana na nomino "kitabu" kwa upatanisho. Tarakimu za SMILES hufanya kazi inayokaribiana na hiyo: ni alama za umbo zinazounganisha sehemu mbili za mtungo ambazo mfuatano wa mstari peke yake usingeziunganisha. Aidha, kama kirejeshi kilekile kinavyoweza kutumika tena kwa nomino nyingine ya ngeli hiyohiyo, tarakimu iliyokwisha kufungwa inaruhusiwa kutumika upya mbele ya mstari.

Ulinganisho huu una mpaka muhimu. Mtu anaweza kudhani kwamba atomu za pete ni zile zilizoandikwa kati ya tarakimu ya kufungua na ya kufunga. Dhana hiyo si sahihi. Sikloheksanoli inaweza kuandikwa C1CC(O)CCC1, na vilevile OC1CCCCC1. Katika mtungo wa kwanza, herufi O iko kati ya tarakimu mbili. Katika wa pili, iko nje yake. Molekuli ni moja, na katika hali zote mbili oksijeni si sehemu ya pete, bali imening'inia pembeni. Kwa maneno mengine, kuwa sehemu ya pete ni sifa ya muundo, si sifa ya mfuatano wa herufi. Programu inayotafuta pete kwa kukagua maandishi tu itakosea, kama ambavyo mchanganuzi wa sentensi hukosea akidhani kwamba maneno yanayofuatana lazima yawe katika kirai kimoja.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mtungo hulitoa bila udanganyifu. Katika molekuli iliyo kipande kimoja, idadi ya jozi za tarakimu hubaki ileile kwa namna yoyote ya kuiandika. Kwinini ina jozi nne. Nambari hiyo hupatikana pia kwa hesabu: chukua idadi ya bondi, toa idadi ya atomu, kisha ongeza moja. Bila kuhesabu hidrojeni, kwinini ina bondi 27 na atomu 24. Hivyo 27 toa 24 ongeza 1 ni 4. Nambari hii hueleza idadi ndogo kabisa ya bondi zinazopaswa kukatwa ili molekuli isibaki na pete yoyote. Haielezi ni atomu zipi zilizo za pete.

3.0 Swali la Kwanza: Atomu ni ya Pete au Si ya Pete?

Fasili inayofaa inaweza kutolewa kwa lugha ya safari. Atomu ni ya pete iwapo msafiri anaweza kuondoka kwayo kwa bondi moja na kurejea kwayo kwa bondi nyingine bila kupita bondi yoyote mara mbili. Kwa upande wa bondi kipimo ni chepesi zaidi: bondi ikikatwa na molekuli ikabaki kipande kimoja, bondi hiyo ni ya pete, molekuli ikigawanyika vipande viwili, bondi hiyo si ya pete, bali ni daraja. Atomu yoyote yenye angalau bondi moja ya pete ni atomu ya pete.

Katika kwinini kuna sehemu mbili kubwa zenye pete. Ya kwanza ni kwinolini, yenye atomu 10 katika pete mbili zinazoshirikiana bondi moja. Ya pili ni kwinuklidini, yenye atomu 8: nitrojeni upande mmoja, kaboni upande wa pili, na kati yake njia tatu, kila moja ikiwa na kaboni mbili. Jumla ni atomu 18 za pete. Sita zilizobaki si za pete: kaboni na oksijeni za kikundi cha methoksi, kaboni mbili za kikundi cha vinili, oksijeni ya haidroksili, na kaboni inayoibeba haidroksili hiyo. Kati ya bondi 27, ishirini ni za pete na saba ni madaraja.

Kaboni iliyotajwa mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini. Hiyo ndiyo inayoiunganisha kwinolini na kwinuklidini. Kila upande wake una pete, lakini yenyewe si ya pete yoyote: msafiri akiondoka kwayo kuelekea kwinolini hana njia ya kurudi kupitia kwinuklidini. Hapa ndipo mbinu moja inayovutia kwa wepesi wake inaposhindwa. Mbinu hiyo husema: ondoa kila atomu yenye jirani mmoja tu, rudia hadi zisiwepo tena, na zitakazobaki ndizo za pete. Kwa sikloheksanoli mbinu hii hutoa jibu sahihi. Kwa kwinini, vikundi vya pembeni hupukutika kama majani, lakini kaboni ya kati haiondoki kwa kuwa ina majirani pande zote mbili. Mbinu itahesabu atomu 19 badala ya 18. Kosa ni la atomu moja tu, lakini ni kosa la dhana: kuwa kati ya pete mbili kumechanganywa na kuwa sehemu ya pete.

Mbinu sahihi ni ya kutembea kwa kina. Programu huanza kwenye atomu yoyote na kuipa nambari 1, huenda kwa jirani na kumpa 2, na kuendelea hivyo. Ikifika mahali pasipo na njia mpya, hurudi nyuma hadi ilipoacha njia nyingine. Ikikutana na atomu iliyokwisha kupewa nambari, tofauti na ile iliyotoka hivi punde, na ambayo bado iko kwenye njia inayofuatwa, hujua kwamba mnyororo umejifunga: atomu zote za njia hiyo, kuanzia ile iliyokutwa hadi ilipo sasa, ni za pete. Msingi wa algorithimu za namna hii uliwekwa wazi na Robert Tarjan katika maandiko yake ya mwaka 1972 na 1974. Ubora wake ni kwamba muda unaotumika hukua sambamba na ukubwa wa molekuli, hivyo hata maktaba yenye mamilioni ya molekuli huweza kukaguliwa.

Programu huria zinazotumika sana, kama RDKit na Open Babel, zina amri ya swali hili: IsInRing, ambayo hujibu ndiyo au hapana tu. Katika SMARTS, ambayo ni lugha ya kuandika ruwaza za kutafutia sehemu za molekuli, alama [R] hulingana na atomu yoyote ya pete, na [R0] hulingana na atomu isiyo ya pete. Jibu halitegemei atomu gani ilianzwa wala mtungo uliandikwaje. Hii ndiyo maana pekee ya kauli "atomu ni ya pete" isiyohitaji makubaliano ya ziada.

Ni lazima pia kutenganisha hadhi ya atomu na hadhi ya bondi. Katika bifenili, ambayo ni pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa bondi moja, atomu zote mbili zilizo kwenye ncha za bondi hiyo ni za pete, ilhali bondi yenyewe si ya pete. Hivyo haiwezekani kukisia hadhi ya bondi kutokana na atomu zake, ingawa kinyume chake kinawezekana.

4.0 Swali la Pili: Atomu ni ya Pete Ngapi?

Mara swali linapohama kutoka "ni ya pete?" kwenda "ni ya pete ngapi?", fasili ya awali haitoshi. Kwinolini inaonesha chanzo cha tatizo. Ina pete mbili za atomu sita kila moja. Lakini msafiri anaweza pia kuzunguka ukingo wote wa nje, akapita atomu zote kumi na kurudi alipoanza. Njia hiyo nayo inajifunga. Je, ni pete ya tatu?

Wanakemia kwa kawaida huikataa, kwa kuwa ukingo huo ni jumla ya pete mbili ndogo na hauongezi habari mpya. Ili kompyuta ifuate desturi hiyo, imekuwa kawaida kutumia seti ndogo kabisa ya pete ndogo kabisa, ambayo katika makala haya itaitwa seti ya msingi. Seti hii huwa na pete nyingi kadiri ya nambari iliyopatikana kwa hesabu ya bondi na atomu, na huteua pete fupi kwanza, mradi kila moja isiwe jumla ya zilizokwisha kuteuliwa. Kwa kwinolini, seti ya msingi ina pete mbili, na ukingo wa nje haumo.

Kwinuklidini huifikisha fasili hiyo kwenye mpaka wake. Kati ya nitrojeni na kaboni ya upande wa pili kuna njia tatu zilizo sawa kwa urefu. Njia mbili zozote hufanya pete ya atomu sita. Kwa hiyo kuna pete tatu za ukubwa uleule. Hata hivyo, hesabu inasema bondi 9 toa atomu 8 ongeza 1 ni 2. Seti ya msingi lazima iache mojawapo ya pete hizo tatu, na hakuna sababu ya kikemia ya kuiacha hii badala ya ile. Programu huteua kwa mujibu wa mpangilio wa atomu katika kumbukumbu yake. Matokeo yake ni kwamba njia moja kati ya tatu huhesabiwa kuwa ya pete mbili, na njia mbili zilizobaki huhesabiwa kuwa za pete moja moja, ilhali kimuundo kila moja imo katika pete mbili. Mtu akiandika ruwaza [R2] kutafuta atomu zilizo za pete mbili, anaweza kupata atomu tofauti za kwinuklidini kutegemea jinsi molekuli ilivyoandikwa.

Tiba mojawapo ni kuongeza kwenye seti ya msingi kila pete ambayo ingeweza kuchukua nafasi ya nyingine yenye ukubwa uleule. Hiyo inaweza kuitwa seti linganifu, na RDKit huwa na amri kwa kila seti. Kwa mujibu wa kanuni hii kwinuklidini hupata pete tatu, na usawa wa njia zake hurejea.

Sasa majibu matatu ya swali lililofungua makala yanaeleweka. Kwa seti ya msingi, kwinini ina pete mbili za kwinolini na mbili za kwinuklidini, jumla nne. Kwa seti linganifu, ni mbili na tatu, jumla tano. Kwa kuhesabu kila njia inayojifunga, pamoja na ukingo wa nje wa kwinolini, ni tatu na tatu, jumla sita. Kila jibu ni kweli kwa fasili yake, na hakuna lililo kweli bila fasili.

Kwa mtafiti anayehitaji kipimo kisichotegemea uteuzi wa seti, SMARTS ina alama nyingine: [x2], [x3] na kadhalika, ambazo huhesabu bondi za pete zinazoigusa atomu. Nitrojeni ya kwinuklidini ina bondi tatu za pete. Kaboni za njia zake zina mbili kila moja. Hapa hakuna ubahatishaji, kwa kuwa hadhi ya bondi hutokana na swali la kwanza.

5.0 Swali la Tatu: Pete ya Ukubwa Gani?

Swali la tatu huulizwa mara nyingi kuliko linavyofafanuliwa. Mwanakemia anapotafuta "atomu za pete ya sita" anaweza kumaanisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kati ya pete zinazoipitia atomu, mojawapo ina ukubwa wa sita. Amri ya IsInRingSize katika RDKit hujibu hivyo, kwa kurejelea pete zilizoorodheshwa na programu. La pili ni kwamba pete ndogo kuliko zote inayoipitia atomu ina ukubwa wa sita; alama [r6] ya SMARTS ina maana hiyo.

Tofauti huonekana katika indoli, ambayo ina pete ya atomu tano na ya atomu sita zinazoshirikiana bondi moja. Atomu mbili za bondi hiyo zimo katika pete zote mbili. Amri ya kwanza itazikubali kuwa za pete ya sita. Ruwaza ya pili itazikataa, kwa kuwa pete yao ndogo kuliko zote ni ya tano. Anayehesabu atomu za pete ya sita atapata sita kwa njia moja na nne kwa njia nyingine.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba swali kuhusu ukubwa wa kumi kwa atomu za kwinolini hujibiwa "hapana", ingawa njia ya atomu kumi inayojifunga inaonekana kwa macho. Programu haikanushi kuwapo kwa njia hiyo. Inasema tu kwamba haimo katika orodha yake. Kukanusha kwa programu, kama kukanusha kwa sentensi, kuna upeo wake.

6.0 Kutoka Dhana hadi Istilahi

Neno "pete" kama istilahi ya kemia ni sitiari iliyohawilishwa kutoka lugha za Ulaya, na linafaa. "Duara" na "mviringo" hutaja umbo la kijiometri, ilhali pete ya kemia haihitaji kuwa ya mviringo; pete za kwinuklidini zimekunjika. "Kitanzi" hubeba dhana ya kukaza na kunasa. Aidha, chanzo cha sitiari ni mnyororo uliojifunga. August Kekulé alipendekeza muundo wa pete wa benzini mwaka 1865, na mwaka 1890 mjini Berlin alisimulia juu ya ndoto ya nyoka aliyeushika mkia wake mwenyewe. Mkazo wa taswira hiyo uko kwenye mwili unaojirudia, si kwenye uwazi ulio katikati.

Uwazi huo ndio unaoleta tatizo la kihusishi. Katika Kiswahili, kilicho "ndani ya pete" ni kidole. Pete ni kitu chenye tundu, na "ndani ya" huelekeza akili kwenye tundu. Kemia yenyewe inazo hali za namna hiyo. Mwaka 1967 Charles Pedersen alitangaza etha za taji, ambazo ni pete kubwa za kaboni na oksijeni. Mojawapo, yenye atomu 18 katika pete yake, huikamata ioni ya potasiamu na kuiweka katikati. Ioni hiyo iko ndani ya pete kwa maana kamili ya Kiswahili, lakini si ya pete: hakuna njia ya bondi za mnyororo inayoipitia. Mwandishi akitumia "ndani ya pete" kwa atomu za mnyororo, atakosa maneno ya kuieleza ioni.

Kiambishi -mo hakina hatia sawa. Kwa nomino zinazotaja mkusanyiko, -mo huleta maana ya kuwa miongoni: "jina lake limo katika orodha", "mchezaji yumo katika timu". Kwa nomino zinazotaja chombo au kitu chenye uwazi, huleta maana ya kuzungukwa: "maji yamo mtungini". Maana huamuliwa na nomino, na "pete" kwa asili iko katika kundi la pili. Hata hivyo, programu huihifadhi pete kama orodha ya nambari za atomu. Pale ambapo fasili hiyo imetangulizwa, kauli "atomu imo katika pete" ni halali, kwa kuwa pete imekuwa mkusanyiko. Bila fasili hiyo, kauli inabaki na utata.

Njia nyingine ni uambatanishaji. "Mwanapete" na "uanachama wa pete" zingefuata mfano wa "mwanachama" na "mwanamuziki", lakini maumbo ya mwana- yamezoea kutaja watu, na matumizi yake kwa atomu yangeleta upatanisho usiotulia. "Kiungo cha pete" kingefaa kwa maana ya sehemu ya mwili mzima, lakini "kiungo" hudokeza pia kitu kinachounganisha, na hivyo kingegongana na dhana ya bondi.

Muundo wa -a unganifu unakwepa matatizo haya yote. "Atomu ya pete" na "bondi ya pete" hutaja uhusiano wa sehemu na jumla kama katika "jiwe la ukuta" au "shanga ya mkufu". Ukanushi wake ni wa moja kwa moja: "atomu isiyo ya pete". Muhimu zaidi, muundo huu unanufaika na sifa ya ngeli ya nomino yenyewe. "Pete" haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Idadi huonekana katika upatanisho tu. Hivyo "atomu ya pete" haisemi kama ni pete moja au nyingi, na ndivyo swali la kwanza linavyotaka. Kiingereza, kwa kutumia nomino ya umoja yenye kibainishi, hudokeza pete moja pale ambapo idadi haijaulizwa. Idadi inapohitajika, Kiswahili huiongeza waziwazi: "atomu ya pete mbili".

Kwa swali la pili na la tatu, kitenzi "-pitiwa" kinafaa kwa kuwa kinaibeba taswira ya njia: "idadi ya pete zinazoipitia atomu" na "ukubwa wa pete ndogo kuliko zote inayoipitia atomu". Vishazi hivi ni virefu, lakini urefu wake ni wa haki; kila kimoja kinataja kile ambacho programu inakipima. Kwa upande mwingine, "pete ya sita" inapaswa kuepukwa, kwa sababu katika Kiswahili muundo huo husomeka kama nambari ya mpangilio, yaani pete inayofuata ya tano. "Pete ya atomu sita" huondoa utata huo kwa neno moja tu la ziada.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kubaini atomu za pete si tendo moja bali ni matatu. Kujua kama atomu ni ya pete hutegemea muundo peke yake. Kujua idadi na ukubwa wa pete zake hutegemea pia seti iliyoteuliwa. Molekuli ya kwinini, yenye pete nne, tano au sita kutegemea fasili, inaonesha kwamba tofauti hii si ya kinadharia tu. Kwa hiyo kila taarifa ya utafiti inayotaja idadi ya pete haina budi kutaja seti iliyotumika.

Kwa wanaleksikografia na waandishi wa vitabu vya sayansi, fundisho ni kwamba kidahizo "pete" peke yake hakitoshelezi. Panahitajika vidahizo vya "atomu ya pete", "bondi ya pete", "seti ya msingi ya pete" na "seti linganifu ya pete", kila kimoja na fasili inayoweza kupimwa. Kiswahili kinazo nyenzo za kisarufi za kuzitenganisha dhana hizi: -a unganifu, upatanisho wa idadi, na tofauti ya kuwa ndani na kuwa miongoni. Kinachodaiwa ni kwamba muundaji wa istilahi aielewe kwanza kazi ambayo dhana inafanya katika uwanja wake, kabla ya kuutafutia umbo.